Majiko Manane

Wivu wa mapenzi una nyimbo zake, na mwenye nao huonewa huruma. Wivu wa mkwe hauna hata ubeti mmoja, kwa sababu mwenye nao hakubali kwamba anao. Muulize Mama Pacha, mshonaji wa nguo, atakuapia kuwa hana neno na mtu. Yeye ni cherehani yake, wanawe wawili waliozaliwa siku moja, na mama mkwe wake basi. Lakini Jumamosi ile, kwenye kiwanja cha shule, alisimama na mwavuli mkononi akimtazama mama mkwe wake akicheka, na kicheko kile kilimchoma kuliko pasi.

Aliyekuwa akimchekesha ni wifi. Wifi huyo nyumba nzima ilimwita Chaki tangu utotoni, maana hakuna ukuta aliouacha salama, na jina likamganda. Sasa alikuwa mchoraji wa ramani za majengo, mwenye ofisi mjini, na kamati ya kijiji ilikuwa imempa kazi ya kuchora nyumba za wazee: vyumba vinane vinavyozunguka ua mmoja, kila mzee na mlango wake na jiko lake, na katikati chumba cha mhudumu wa kuwaitikia wakipatwa na shida.

Chaki hakuiamini karatasi. Kila chumba alikichora kwanza chini kwa chokaa, kwa ukubwa wake halisi, kisha akamwambia mzee aingie akae humo asubuhi nzima: atandike mkeka mahali pa kitanda, aweke kiti, atoke kwa mlango. Wazee waliona ni mchezo, lakini walikuwa wakiucheza kwa makini kuliko watoto.

"Jamani nimebomoa ukuta!" alipiga kelele Mzee Breki, dereva mstaafu, alipoifuta chokaa kwa fimbo yake. "Fundi aje haraka kabla mvua haijaingia!"

"Fundi yuko likizo," alijibu Bibi kutoka chumba cha jirani. "Na wewe ukitaka kupita kwangu, pitia mlangoni kama watu."

Bibi ndiye mama yake Chaki, na ndiye mama mkwe wa Mama Pacha. Miaka kumi na mmoja alikuwa akiishi kwa mwanawe, chumba cha nyuma, karibu na jiko. Mama Pacha ndiye aliyemfulia, ndiye aliyemkata kucha, ndiye aliyejua kidonge cha asubuhi na kile cha jioni. Chaki alikuwa akituma salamu na blanketi. Fimbo ya mbali haiui nyoka, Mama Pacha alizoea kusema, na mumewe alizoea kunyamaza.

"Mama, kitanda kielekee wapi?" Chaki aliuliza, daftari mkononi.

"Hivi. Nisipigwe na jua usoni."

"Na jiko?"

"Jiko liinuliwe." Bibi aliweka mkono kiunoni kuonyesha kimo. "Lifike hapa. Nimechoka kuinama. Kule nyumbani jiko liko chini, kila nikichemsha maji magoti yananiuma mpaka kesho yake."

Chaki aliandika. Mama Pacha alihisi uso unamwaka moto.

"Mama," alisema kwa sauti ya upole iliyomgharimu sana, "mbona hukuwahi kuniambia jiko linakuumiza?"

Bibi alimgeukia kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu. "Lile jiko ni lako, Mama Pacha. Ningesemaje?"

"Miaka kumi na mmoja, mama!"

"Hujaniuliza. Huyu ameniuliza."

Hakusema kwa ubaya, na hapo ndipo palipouma. Mama Pacha aliufunga mwavuli, akasema amesahau nguo ya mtu kwenye pasi, akaondoka. Pasi ilikuwa baridi kabatini tangu jana.

Mumewe alimkuta mchana akikatakata kitambaa kwa mkasi mkubwa, kitambaa ambacho hakikuwa na kosa lolote. Baba Pacha alikuwa mwashi, mtu wa maneno machache, na ndiye aliyepewa kazi ya kuzijenga hizo nyumba alizochora dada yake. Alivua viatu vyenye saruji mlangoni.

"Kuna chakula?"

"Kamuulize dada yako. Yeye ndiye anayejua kuuliza watu."

"Imekuwaje tena?"

"Mama yako anahama, hiyo ndiyo imekuwaje! Watu watasema nini? Watasema mkwe wake amemfukuza. Watasema alikuwa akimnyima. Mtu anahama kwa mwanawe anakwenda kukaa na watu baki, kwa nini? Kwa sababu ya jiko la kufika kiunoni?"

"Si ni hapo chini tu, Mama Pacha. Hata sauti yake utaisikia."

"Basi kama ni hapo hapo, anahamia nini?"

Baba Pacha alijipakulia maharage mwenyewe. Kwa kuwa hakuuliza zaidi, hakusikia lile lililokuwa chini ya yote hayo. Mkewe hakuogopa watu watasema nini. Aliogopa jambo moja: kwamba Bibi akishatoka, itaonekana miaka yote ile alikuwa amekaa tu kwa kukosa pa kwenda. Nani atasema tena kuwa alipendwa? Na sifa yote ataichukua yule aliyekuja na chokaa wiki tatu.

Jumatatu, mteja alipokuja kupimwa gauni, alimkuta bado ana mkasi mkononi.

Mteja alikuwa Nesi, muuguzi mstaafu, mwenyekiti wa kamati ya nyumba za wazee. Alikuwa mwanamke mwema, tena mwenye kuamini kila anachoambiwa, na watu wa aina hiyo ni hatari kupewa siri.

"Nyoosha mkono," alisema Mama Pacha, utepe shingoni.

"Mkwe wako ana bahati," alisema Nesi. "Ametoka wa kwanza kwenye orodha. Na binti yake ana kichwa! Umeona alivyotuchorea? Bibi anamsifu huyo, mpaka machozi."

Mama Pacha alikuwa na pini tatu mdomoni. Alizitoa moja moja.

"Bahati ipo," alisema. "Ila mimi roho yangu haitulii. Basi tu, nisiseme."

"Sema, mwenzangu."

"Anasahau. Juzi aliacha moto jikoni akaenda kulala. Pazia likashika. Ningechelewa kidogo, tungekuwa tunaongea mengine hapa."

"Ee Mungu wangu!"

"Unaona pale dirishani hakuna pazia? Ndiyo hiyo."

Kweli pazia halikuwepo. Pacha walikuwa wamelikata wakajitengenezea mashati ya kifalme, wakachapwa wote wawili. Lakini dirisha tupu halisemi limevuliwa na nani, na Nesi alilitazama akashika kifua.

"Sasa mtu kama huyo akakae peke yake na jiko?" Mama Pacha aliendelea, na sasa ilikuwa rahisi, maneno yalikuwa yakiteremka yenyewe. "Mimi sitaki jina langu litajwe. Wala lake. Asije akaaibika, mzee wa watu. Nyie kamati mtajua mtakavyofanya."

"Sitamtaja," Nesi aliahidi. "Hata kwa dawa."

Na hakumtaja. Mama Pacha alikuwa amehesabu kwamba kamati italiondoa jina la Bibi kimyakimya, basi, mambo yaishe. Alimpima Nesi kiuno mara mbili kwa furaha. Hakujua kwamba Nesi aliona ni dhambi kumkata bibi wa watu kwenye orodha kwa jambo la uzee. Badala yake alimwendea Chaki, akamwambia kuna mzee mmoja kati ya wale wanane, jina halihusu, aliyenusurika kuunguza nyumba. Chaki, ambaye kila alichoambiwa aliandika, alikaa na ramani yake siku mbili bila raha. Siku ya tatu akachukua kifutio, akayafuta majiko yote manane.

Mkutano ulifanyika Alhamisi saa kumi, darasa la kwanza, maana ndilo pekee lisilokuwa na ngazi. Wazee wanane walibanwa kwenye madawati ya watoto wa miaka saba, magoti yakigusa videvu. Mzee mmoja alikwama kabisa, ikabidi Baba Pacha amvute kwa kwapa. Hakuna aliyecheka. Mama Pacha alikaa nyuma na majirani, ameshika mkoba wa mama mkwe wake mapajani.

Chaki alichora ua ubaoni, akachora vyumba. Kisha akageuka.

"Wazee wangu, kuna badiliko. Vyumbani hakutakuwa na majiko. Tutajenga jiko moja kubwa, mpishi atapika, kila mtu ataletewa chakula mlangoni kwake. Chai asubuhi saa moja, chakula saa saba, na jioni saa kumi na mbili."

Wazee walitazamana.

"Nikitaka chai saa tisa?" aliuliza Mzee Breki.

"Utasubiri kidogo, mzee."

"Hilo ni bweni." Alisimama, dawati likainuka naye. "Mimi nimeendesha lori miaka thelathini na nne, nimejipikia kando ya kila barabara unayoijua na usiyoijua. Leo niambiwe chai ni saa moja? Futa jina langu."

"Na langu," alisema mwingine.

"Mwanangu," alisema bibi mmoja wa mbele, aliyeitwa Mtetemo kwa sababu ya mikono yake, "ulituuliza jiko likae wapi. Tukakuonyesha. Sasa ulikuwa unatuuliza nini?"

Chaki aliumia. Aliipenda kazi ile, na wazee wale aliwapenda. "Si kwa kutaka kwangu," alisema. "Kuna mmoja wenu alisahau moto, pazia likashika, ikabaki kidogo nyumba iteketee. Siwezi kujenga jengo la kuwaua watu."

Lo! Ungesikia darasa lile. Kila mtu si yeye. Kila mtu alikumbuka ni nani. Na kama kawaida, aliyeangukiwa ni mnyonge.

"Si ndiyo huyo Mtetemo!" ilisema sauti kutoka dirishani. "Hata kiberiti hawezi kukishika!"

"Mimi?" Bibi Mtetemo aligeuka huku na huku. "Mimi sijaunguza kitu. Walahi sijaunguza kitu."

"Kubali tu, mama, wenzio wapate majiko yao!"

"Sina hata pazia," alisema, na akaanza kulia bila sauti, mikono ikimtetemeka mara mbili ya kawaida, mbele ya watu wote, kwenye dawati la mtoto.

Nesi hakujua aangalie wapi, kwa hiyo akaangalia pale asipotakiwa kuangalia: alimtazama Mama Pacha. Bibi aliyafuata macho yale. Alimkuta mkwe wake amekumbatia mkoba, ameinama kama anatafuta kitu sakafuni. Pazia. Nyumba moja tu kijijini ilikuwa imepoteza pazia mwezi ule, na Bibi ndiye aliyekuwa amejaribu kuwatetea wajukuu wasichapwe. Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Hasira ilimpanda mpaka masikioni, halafu akamwangalia yule mwanamke aliyeinama, akaona anatetemeka kuliko Mtetemo mwenyewe. Akajua kwamba akisema kweli hapa, mkwe wake hatakuwa na uso wa kupita njiani tena.

Bibi alishika ukingo wa dawati, akasimama.

"Mwacheni huyo mama," alisema. "Ni mimi. Mimi ndiye niliyesahau moto."

"Mama!" Chaki aliiachia chaki ikaanguka.

"Nifuteni jina, wenzangu warudishiwe majiko yao. Nitabaki kwa mwanangu. Imekwisha."

Sikiliza sasa. Hapo Mama Pacha alikuwa ameshinda. Alichokuwa akikitaka ndicho hicho, kimeletwa, kimefungwa na utepe: Bibi anabaki, nyumba zinajengwa, hakuna aliyejua. Ilimtosha kuinama dakika mbili zaidi. Na nisikudanganye, angeinama. Aibu ilimkaba, naam, machozi ya Mtetemo yalimchoma, naam, lakini angeinama.

Ila Chaki alipita katikati ya madawati akamkumbatia mama yake shingoni.

"Kwa nini hukuniambia? Unateketea huko, mimi sina habari! Basi mama, hubaki huku. Jumapili tunaondoka wote. Nina chumba, kina dirisha kubwa, nitakuwa nakupikia mwenyewe. Utakaa na mimi mpaka Mungu atakapokuchukua."

"Labda ni heri," alisema Baba Pacha kwa huzuni kutoka ukutani. "Kama anasahau moto..."

"Nitamwogesha mwenyewe," alisema Chaki, akilia. "Nitamkata kucha mwenyewe."

"Humkati kucha!"

Darasa zima liligeuka. Mama Pacha alikuwa amesimama, mkoba umeanguka, vidonge vimetawanyika sakafuni.

"Humkati kucha wewe! Kidole chake cha mwisho cha mguu wa kushoto ukikikata vibaya kinatunga usaha, unajua hilo? Hujui! Ulikuwa wapi ulijue? Mama haendi mahali! Mama hajaunguza kitu! Hajasahau moto hata siku moja, ana akili kuliko sisi wote humu. Ni mimi niliyesema. Nimedanganya. Pazia walikata watoto."

Akaketi. Sasa hivi alikuwa amesema kweli kwa mara ya kwanza wiki nzima, na alikuwa ameisema kwa wivu ule ule uliomfanya aseme uongo. Hakuna aliyemsifu, wala hakustahili.

"Huyo amekatika breki," alinong'ona Mzee Breki, na kwa mara hii hata yeye hakucheka.

Nesi alisema, kwa sauti ndogo, "Nikakuamini, mwenzangu, umenishika kiuno." Baba Pacha alivaa kofia yake akatoka nje bila kumtazama mkewe. Mtetemo alijifuta uso kwa ncha ya mtandio, akamgeukia Mama Pacha akamkazia macho muda mrefu. Hilo lilikuwa gumu kuliko matusi.

Chaki ndiye aliyekuwa na maneno. "Wifi, ungenichukia mimi tu! Wazee hawa wamekukosea nini?"

Mama Pacha alipiga magoti, akaanza kuokota vidonge kimoja kimoja chini ya madawati, kati ya viatu vya watu, na hakuna mguu uliosogea kumpisha. Mbele, chaki ilisikika ubaoni. Majiko manane yalikuwa yakirudi, moja baada ya jingine.

Walirudi nyumbani jua likiwa bado juu. Chaki alitangulia na karatasi zake, ana hasira ya kutosha kufika mjini kwa miguu. Mama Pacha alibaki nyuma sana, peke yake, na majirani waliokuwa wakienda njia moja naye waligundua ghafla kwamba wana haraka. Kwenye kona ya kisima alimkuta Bibi amesimama.

"Nipe mkono," alisema Bibi. "Hapa pana shimo."

Walilivuka shimo. Mama Pacha ndiye aliyeanza.

"Nipige, mama. Au nitukane."

"Nikikupiga nitaumia mkono. Kuna mtu utakwenda kwake kesho asubuhi, kabla hujafungua cherehani. Unamjua."

"Bibi Mtetemo."

"Utapiga magoti kama ulivyopiga kwa vidonge."

"Nitapiga. Lakini mama, niambie ukweli. Nimekukosea nini mpaka unataka kuhama? Chakula? Maneno? Kama ni jiko, Baba Pacha ataliinua kesho. Ataliinua mpaka kifuani ukitaka."

Bibi alisimama kupumua. Alikuwa na hasira bado, ilionekana kwenye pua zake.

"Hujanikosea kitu mpaka wiki hii," alisema. "Nimekula kwako, nimelala kwako, nimeugua kwako. Na kila mgeni akija, ni mgeni wako. Wewe ndiye unayesema karibu, wewe ndiye unayeuliza watu wakae wapi. Na mimi nakaa na wageni. Miaka kumi na mmoja, Mama Pacha, sijamwambia mtu karibu ndani. Wewe mwenyewe sijakuambia. Nitakukaribishaje nyumbani kwako? Nataka kabla sijafa uje kwangu, nikuwekee kiti, nikupikie chai kwenye jiko langu, wewe ukae tu mikono mapajani."

Mama Pacha alilia njia nzima iliyobaki, kwa kelele, kama mtoto aliyepotea sokoni. Bibi alimwacha alie. Walipofika uani alijipenga pua, akamwangalia mama mkwe wake kwa macho mekundu, na hata hapo, jamani, hata hapo, hakuweza kujizuia.

"Siku ya kwanza kabisa," alisema, "utamkaribisha nani? Mimi au wifi?"

Bibi alimtazama, akatikisa kichwa, na kicheko kikamtoka bila kupenda.

"Wewe," alisema. "Lakini utabisha hodi. Na nisipoitikia, urudi kwako, usisukume mlango."

Mama Pacha alijaribu kukumbuka ni lini aliwahi kubisha hodi kwenye chumba kile cha nyuma, alikokuwa akiingia asubuhi na jioni na beseni, miaka kumi na mmoja. Hakukumbuka hata siku moja.

"Nitabisha," alisema.